Kumpima Mzee Kumbukumbu: Mwongozo kwa Mpimaji wa Utafiti wa Chuo Kikuu

Mtu anayeajiriwa na chuo kikuu kupima uwezo wa utambuzi wa wazee hukabidhiwa kazi inayoonekana nyepesi kwa aliye nje: kusoma maswali, kusikiliza majibu na kuandika alama. Ugumu wake ni kwamba kila alama inapaswa kueleza hali ya kumbukumbu na fikra za mzee, si hali ya masikio yake, wala miaka aliyokaa shuleni, wala hofu aliyokuwa nayo mbele ya mgeni mwenye kishikwambi. Kutenganisha mambo hayo ndiyo kazi yenyewe.

Anza kwa kukifahamu kipimo na asili yake. Vipimo vingi vinavyojulikana duniani vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma. Mini-Mental State Examination, iliyochapishwa mwaka 1975, na MoCA (Montreal Cognitive Assessment), iliyochapishwa mwaka 2005, zote zina jumla ya alama 30, na zote zinamtaka mtu achore na ahesabu kwa kutoa saba mfululizo kuanzia mia moja. MoCA humwongezea alama 1 mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu, lakini alama hiyo moja haiwezi kumfidia bibi ambaye hajawahi kushika kalamu. Kwa sababu hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle na wenzao wa Hospitali ya KCMC ya Moshi, waliofanya kazi miongoni mwa wazee wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kifupi cha IDEA chenye vipengele sita visivyohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo, hutaja siku ya juma na jina la kiongozi wa kijiji, hukumbuka maneno kumi aliyosomewa awali, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliouona. Ukielewa kwa nini njiti zilichukua nafasi ya kalamu, utaelewa pia kwa nini huruhusiwi kubadilisha chochote ukiwa uwandani.

Siku ya upimaji, fika mapema na usianze na karatasi. Msalimu mzee kwa heshima ya mahali pale, jitambulishe, na umweleze kwa lugha anayoielewa kwamba hiki ni kipimo cha utafiti, kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati, na kwamba kukataa hakutamwondolea huduma yoyote. Asiyejua kusoma asomewe fomu ya ridhaa mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti, kisha aweke alama ya dole gumba. Baada ya hapo chunguza mambo ya mwili. Sema sentensi chache kwa sauti ya kawaida ukiwa umeziba midomo kwa karatasi, uone kama anakusikia bila kukusoma mdomo. Muulize iwapo ana miwani na kama ameivaa. Muulize alilala vipi, kama ana homa, kama amekula, kama ametumia dawa ya usingizi. Na wakati wa Ramadhani usimpime aliyefunga alasiri wakati mwenzake alipimwa asubuhi akiwa ameshiba. Mzee mwenye homa au aliyechanganyikiwa ghafla hapimwi siku hiyo. Anaelekezwa kituo cha afya.

Mahali nako kuna uzito wake. Chumba chenye mwanga na mlango unaofungika ni bora, lakini mara nyingi utapewa baraza. Omba redio izimwe na keti upande ambao mzee hatazami njia. Wanafamilia waombwe kwa upole wasubiri mbali kidogo, kwa kuwa mjukuu anayempenda babu yake atamnong'oneza jibu, na jibu hilo litaingia katika takwimu kana kwamba ni la babu.

Jambo linalowashinda wengi ni kutosaidia. Tumelelewa kumpokea mzee mzigo na kumkumbusha neno lililompotea, kwa hiyo kukaa kimya huku mzee akihangaika kutafuta neno la sita kunaumiza, na kunapaswa kuumiza. Hata hivyo, ukimdokeza herufi ya kwanza, ukirudia swali mara ya tatu wakati mwongozo unaruhusu mara moja, au ukitikisa kichwa anapopatia, unapima kitu tofauti na kile anachopima mwenzako katika kijiji cha pili. Soma maelekezo neno kwa neno, hata kama unayajua kwa moyo. Tarakimu ambazo mzee hutakiwa kuzirudia husomwa moja kwa sekunde. Fanya mazoezi na saa ya kupimia muda hadi mwendo huo ukukae mwilini. Badala ya kusema «umepatia», sema «asante, tuendelee», na useme hivyo hivyo kwa jibu sahihi na kwa jibu lisilo sahihi. Upole wako uonekane katika uvumilivu na katika mapumziko unayompa mwishoni mwa kipengele.

Umri ni swali linalohitaji ustadi, kwani wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Tumia kalenda ya matukio: alikuwa na umri gani Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alikuwa ameolewa wakati wa Azimio la Arusha la mwaka 1967, mtoto wake yupi alizaliwa wakati wa Vita ya Kagera. Kwa Kenya mwaka 1963 hutumika vivyo hivyo, na Zanzibar mwaka 1964.

Lugha nayo huamuliwa kabla ya kwenda uwandani. Mzee wa Hai anaweza kuongea Kiswahili sokoni na kufikiri kwa Kichaga. Kama hakuna tafsiri ya Kichaga iliyoidhinishwa, usitafsiri papo hapo, bali andika kwamba lugha ilikuwa kikwazo. Hata katika Kiswahili safi kuna mitego. Katika kipimo cha kuchora saa, mara nyingi mishale hutakiwa ielekee kwenye 11 na 2, wakati ambao sisi tunauita saa tano na dakika kumi. Mzee anayeelekeza mshale mfupi kwenye 5 huenda amefuata sawasawa alichokisikia. Kubalianeni na msimamizi jinsi ya kutoa alama kabla ya mzee wa kwanza.

Wakati wa kurekodi, andika kila kitu kama kilivyosemwa. Anayetaja kuku, jogoo na kifaranga huenda akapata alama tatu au moja kulingana na kanuni ya mradi, na uamuzi huo hufanywa mezani baadaye. Tofautisha kwa alama maalumu asiyeweza, asiyetaka na asiyeona. Ukiweka sifuri kwa wote watatu, umemfanya mwenye mtoto wa jicho aonekane mgonjwa wa dimensia, yaani ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Matokeo hayatangazwi barazani. Kipimo cha uchunguzi hakitoi utambuzi wa ugonjwa; hilo ni la daktari, baada ya kumchunguza mzee na kumhoji mtu anayeishi naye kuhusu mabadiliko aliyoyaona. Katika maeneo ambako wazee, hasa wanawake, wamewahi kutuhumiwa uchawi kwa sababu ya mwenendo usioeleweka, neno moja la mpimaji kwa jirani linaweza kuhatarisha maisha. Fomu zibaki na namba, si majina, na kishikwambi kifungwe kwa nywila.

Pima bila kujua mzee ameshawekwa kundi gani la utafiti, na ukubali mahojiano yako, kwa ridhaa ya mzee, yarekodiwe sauti na kupewa alama upya na mwenzako, kwani kila mpimaji huanza kulegea baada ya miezi bila kujijua. Mwisho wa fomu, andika saa uliyoanza, toleo la orodha ya maneno ulilotumia, na usumbufu wowote uliotokea, kwa sababu mpimaji atakayerudi kwa mzee huyo baada ya miaka kadhaa atahitaji kutumia orodha nyingine na kujua alama za awali zilipatikana katika hali gani.