Gari la Spoti kutoka Uingereza hadi Mombasa: Anza na Mwaka, Rangi Baadaye

Wakenya wanaorudi nyumbani kwa jumla kutoka Uingereza huacha mengi: makochi, friji, nguo za baridi. Wapo ambao kitu kimoja tu hawakiachi, nacho ni gari. Siyo Vitz wala Probox, hizo zimejaa Mombasa. Ni Mazda MX-5 ya kufungua paa, Porsche Cayman, au Civic Type R iliyoundwa Swindon kabla Honda haijafunga kiwanda hicho mwaka 2021. Usukani uko kulia kama kwetu, kwa hiyo kikwazo kikubwa kinachowakwamisha wenzetu wa Marekani na Ujerumani hakituhusu. Kenya hairuhusu usukani wa kushoto, isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu kama ambulensi na zimamoto.

Ninaandika zaidi kwa yule ambaye bado hajanunua. Mwenye gari tayari ataangalia kama linakubalika au halikubaliki, basi. Lakini wewe unayepitia matangazo usiku, ukijua kwamba mwakani au mwaka unaofuata unarudi, bado una nafasi ya kuchagua. Na wengi huchagua kwa macho, wakakuta baadaye kwamba gari zuri kabisa limezidi umri kwa miezi miwili.

Sheria mbili zinazovutana

Ya kwanza ni ya umri. Kiwango cha KEBS (shirika la viwango la Kenya), KS 1515, kinataka gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hesabu inakwenda kwa mwaka wa kalenda: mwaka 2025 mwisho ulikuwa magari ya 2018, mwaka 2026 ni ya 2019, mwaka 2027 ni ya 2020. Halafu, kati ya kuundwa kwa gari na kusajiliwa kwake usipite zaidi ya mwaka mmoja. Gari lililokaa kwenye yadi ya muuzaji miaka miwili kabla ya kupata namba linaweza kukukwamisha hata kama karatasi inaonyesha mwaka mzuri.

Ya pili ni ya msamaha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamruhusu mkazi anayerejea kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12. Siku za gari kuwa melini hazihesabiwi. Kwa upande wa Kenya, KRA (mamlaka ya mapato) inataka uwe umeishi nje angalau miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili ziara zako za nyumbani zisizidi siku 90 kwa jumla. Waliokwenda likizo ndefu ya Krismasi, wakarudi tena kwa harusi na tena kwa matanga, wafungue pasipoti wahesabu mihuri sasa hivi. Msamaha huu pia hutolewa mara moja, siyo kila unapohama.

Sasa ziweke sheria hizo pamoja. Ya pili inakutaka ukae na gari mwaka mzima, ya kwanza inalizeesha gari huku umekaa nalo. Tuseme unataka kurudi katikati ya 2027. Ni lazima uwe umenunua kabla ya katikati ya 2026, na gari lenyewe liwe limesajiliwa 2020 au baadaye. La 2019 linalokubalika leo bandarini halitakusaidia kitu siku utakapofika. Ukihisi safari inaweza kusogea (na safari za kurudi nyumbani husogea, tunajuana), jipe mwaka mmoja wa ziada: nunua la 2021.

Namba za Uingereza husaidia kukisia, lakini zisikudanganye. Namba yenye 68 ilitolewa kuanzia Septemba 2018 hadi Februari 2019. Kwa hiyo magari mawili ya aina moja, rangi moja, yote 68, moja likasajiliwa Novemba na jingine Januari, yanatofautiana mwaka mzima machoni pa KEBS. Namba za kibinafsi na zile za Ireland Kaskazini hazionyeshi umri kabisa. Soma tarehe ya usajili wa kwanza kwenye V5C (cheti cha usajili wa gari cha Uingereza), siyo kwenye bamba.

Msamaha una thamani gani hasa

Watu husema "kodi ni kubwa" wakaishia hapo, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua thamani ya forodha ya shilingi milioni 2 na injini ya petroli ya cc 1998. Ushuru wa forodha, asilimia 35, ni 700,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 25, haukokotolewi kwenye milioni 2 bali kwenye milioni 2.7, nao ni 675,000. VAT ya asilimia 16 inapanda juu ya vyote hivyo, 540,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, pamoja 90,000. Jumla ni shilingi 2,005,000. Umelipa gari la pili.

Injini nayo ina lake la kusema. Hadi cc 1500 ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, na petroli inayozidi cc 3000 ni asilimia 35. MX-5 ya cc 1496 yenye thamani ile ile ya milioni 2 ingelipiwa 1,848,400. Gari la silinda nane lingefika 2,318,200. Viwango hivi huguswaguswa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika Julai, kwa hiyo hesabu upya mwezi unaosafirisha.

Na ile "thamani ya forodha" siyo bei uliyompa Mwingereza. KRA ina orodha yake ya bei za rejareja, CRSP, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari. Ukinunua kwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji anahama, hongera, lakini kodi haitashuka. Magari ya spoti hasa ndiyo yanayokosekana kwenye orodha hiyo, au yapo kwa toleo lisilo lako. Usipolikuta, mwambie wakala wa forodha akutafutie makadirio ya KRA kwa maandishi kabla hujalipa hata pauni moja ya amana.

Hata mwenye msamaha amuulize wakala wake ni ada zipi zitabaki, na akumbuke kwamba msamaha umefungwa kwake yeye. Ukimuuzia gari mtu asiye na haki hiyo, kodi inaamka. Ndiyo maana mpango wa binamu wa "leta kwa jina lako, nikija nitakulipa" ukatae mapema, kwa upole.

Kununua

V5C, ile karatasi ambayo wenyewe huiita logibuku, si hati ya umiliki. Imeandikwa hivyo juu yake. Inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa tu. Kwa hiyo shika risiti yenye jina lako, bei, tarehe na namba ya chasisi, na uhakikishe jina lililo kwenye V5C ndilo lililo kwenye pasipoti utakayoingia nayo Kenya. Karatasi hiyo ina nafasi ya jina moja. Kama mke ndiye anayerudi kwanza na msamaha utaombwa kwa jina lake, gari liwe kwa jina lake tangu siku ya kwanza, siyo kubadilishwa mwezi wa kumi na moja. Weka pia bima ya mwaka mzima, vyeti vya MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) na bili za gereji. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba ulilitumia kweli.

Mkopo ni mtego mkubwa kuliko kutu. Magari mengi ya spoti Uingereza yananunuliwa kwa PCP, aina ya mkopo ambapo gari ni mali ya kampuni ya mkopo hadi ulipe yale malipo makubwa ya mwisho. Hapo huwezi kusema ulilimiliki, na huwezi kulitoa nchini bila idhini. Hata ukinunua kwa mtu binafsi kwa fedha taslimu, deni lake linaweza kulifuata gari, kwa hiyo lipia ukaguzi wa historia ya gari. Ukaguzi huo huo utaonyesha kama liliwahi kuandikwa Category S au N na kampuni ya bima, yaani liliumia mwili wenyewe au mahali pengine. Bei yake itavutia. Liache.

Historia ya MOT ni bure kwenye tovuti ya serikali. Iangalie mstari kwa mstari: maili zinapanda kwa mpangilio? Neno la kutu limejirudia miaka mitatu mfululizo? Kisha lipa fundi alipandishe juu. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi hula chini, mahali ambapo picha za tangazo hazifiki. Mulika tochi kwenye mabomba ya breki yanapopita juu ya ekseli ya nyuma, kwenye boliti za fremu ndogo, na ndani ya matundu ya maji yaliyo chini ya milango. Boliti iliyokuwa na pembe sita ikawa duara la kahawia ni saa tatu za kazi gereji Nairobi na matusi ya fundi juu yake.

Na kama limeshushwa springi, muuzaji akakuonyesha kwa fahari, omba springi za asili. Matuta yetu hayajali fahari ya mtu.

Kulitoa na kulipokea

Kabla ya meli, gari linakaguliwa Uingereza na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, nalo linapata cheti cha kufaa barabarani. Fanya hivyo mapema, ili likifeli uwe na nafasi ya kurekebisha. Ondoa namba ya kibinafsi kama unayo. Jaza sehemu ya kuhamisha gari nje kwa kudumu kwenye V5C, uitume DVLA (wakala wa usajili wa magari wa Uingereza), na ubaki na karatasi iliyosalia: ndiyo itakayokusajilia huku. Ushuru wa barabara wa miezi mizima iliyobaki utarudishiwa.

Kuna njia mbili za kusafirisha. Ya kwanza, gari linaendeshwa lenyewe hadi tumboni mwa meli. Ni nafuu, lakini madereva wa bandarini hulishika, na huruhusiwi kulijaza mizigo. Ya pili ni kontena. Kwa gari la chini lenye bampa inayogusa ardhi, mimi ningelipa kontena bila kufikiri, hasa kama kuna vyombo vya nyumbani vya kujaza nafasi. Lakini kila kilichomo kiandikwe kwenye orodha. Viatu vya shangazi vilivyofichwa kwenye buti vinaweza kuchelewesha mzigo mzima.

Bima ya baharini inatakiwa kutoka kampuni ya Kenya, siyo ya London. Kuhusu muda, tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikawa ndefu. Hili linawaumiza hasa wanaosafirisha mwisho wa mwaka: gari la mwaka wa mwisho unaokubalika linatakiwa liwe limefika Mombasa ifikapo tarehe 31 Desemba. Kuwa njiani tarehe hiyo hakuhesabiki kuwa umefika. Kama gari lako ni la ukingoni, lisafirishe kabla ya Septemba au usilisafirishe.

Ukishatua Kenya, mzigo wako uingie ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kuongeza muda, usizidi siku 360. Lakini gari lisikutangulie sana pia, maana likikaa Kilindini au kwenye bohari ya makontena, ada za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku. Hapo unahitaji PIN ya KRA inayofanya kazi (jaribu kuingia ukiwa bado Uingereza, wengi wamesahau nywila), wakala wa forodha mwenye leseni, hati ya shehena, cheti cha ukaguzi, V5C, pasipoti na ushahidi wa makazi yako nje. Lipia kodi kwa namba ya malipo ya KRA, kamwe usilipie kwa M-Pesa ya mtu. Wakala anayekwambia kuna "njia fupi" ya mwaka wa usajili anakuandalia kesi.

Kwa ndugu wa Tanzania na Uganda

Sheria ya msamaha ni ile ile ya Jumuiya, ila umri ni habari nyingine. Tanzania haizuii gari la zaidi ya miaka minane, inalitoza: kwa gari dogo la abiria ushuru wa ziada wa uchakavu ni asilimia 15 kati ya miaka minane na kumi, na asilimia 30 likizidi kumi. TRA ina kikokotoo mtandaoni, kitumie. Uganda ilifunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018. Kwa hiyo Porsche ya 2014 ambayo Mkenya hawezi hata kuitazama, Mtanzania anaweza kuipata, akilipia uzee wake.

Gari likishapata namba za NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya), itisha tathmini ya mthamini kabla ya bima kubwa, kwa sababu kampuni isiyolijua gari lako italiandikia bei ya gari la kawaida. Fungua buti pia. Magari mengi ya aina hii hayana tairi la akiba, yana kopo la gundi na pampu ndogo tu, na gundi haizibi tairi lililopasuka ubavuni. Nunua tairi mbili za saizi yako ukiwa bado Uingereza, uziingize kwenye kontena, na uziandike kwenye orodha.