Jinsi ya Kutengeneza PMMA (Plastiki ya Polimethili Methakrileti) Yenye Minyororo ya Urefu Uliokusudiwa kwa Njia ya RAFT

Katika upolimishaji wa kawaida wa radikali huru, yaani kuunganisha molekuli ndogo (monoma) kuwa minyororo mirefu (polima) kwa kutumia molekuli zenye elektroni isiyo na jozi (radikali), mnyororo huzaliwa, hukua na kufa kwa muda mfupi sana, huku sehemu kubwa ya monoma ikiwa bado haijaguswa, na kwa sababu hiyo polima inayopatikana huwa mchanganyiko wa minyororo mirefu na mifupi. Njia ya RAFT (kifupi cha Kiingereza cha reversible addition-fragmentation chain transfer), iliyochapishwa mwaka 1998 na watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa kisayansi nchini Australia, wakiwemo Graeme Moad, Ezio Rizzardo na San Thang, huongeza kidhibiti chenye salfa ambacho hupokea radikali inayokua, huilaza kwa muda, kisha huachia nyingine iendelee kukua. Kwa kuwa kupokezana huko ni kwa haraka, minyororo yote hupata nafasi ya kukua karibu kwa kiasi sawa.

Anza na hesabu kabla ya kugusa mizani, kwani hapo ndipo urefu wa mnyororo unapoamuliwa. Kwa gramu 10 za methili methakrileti, monoma ya PMMA, ambayo moli yake moja ina uzito wa gramu 100.12, una takriban milimoli 100. Ukitaka monoma 200 kwa kila mnyororo, unahitaji milimoli 0.5 za kidhibiti; kwa sianopropili ditiobenzoeti, hizo ni miligramu 111. Kianzishi, yaani AIBN, kemikali inayovunjika kwa joto na kutoa radikali za kwanza, kiwe milimoli 0.1 tu, sawa na miligramu 16.4. Usishawishike kukiongeza ili kazi iende mbio: kila radikali inayotoka kwenye kianzishi hatimaye hulipiwa na mnyororo unaokufa, na minyororo iliyokufa haifufuki.

Monoma ya dukani huwa na kizuizi kinachoilinda isijipolimishe ghalani, hivyo ipitishe kwanza katika safu fupi ya alumina ya kibesi. Kisha changanya vyote na mililita 10 za toluini ndani ya chupa ya Schlenk (chupa yenye bomba la pembeni la kuvutia hewa na kuingizia gesi), ukifanyia kazi hiyo kwenye kabati la kufyonzea mvuke.

Hatua inayostahili subira kuliko zote ni kuondoa oksijeni, ambayo hunasa radikali na kuuchelewesha au kuuzima kabisa mmenyuko. Gandisha mchanganyiko kwa nitrojeni kimiminika, vuta hewa kwa pampu ya ombwe, funga bomba, kisha acha uyeyuke. Utaona viputo vikipanda kadiri gesi iliyoyeyuka inavyotoka. Rudia angalau mara tatu, hadi viputo vikome, kisha jaza chupa nitrojeni kavu. Kamwe usiruhusu hewa iingie chupa ikiwa bado imezama katika nitrojeni kimiminika, kwa sababu oksijeni inaweza kugeuka kimiminika humo na kuleta hatari ya mlipuko.

Pasha moto katika bafu la mafuta la nyuzi 65 za Selsiasi. Katika joto hilo nusu ya AIBN huvunjika kwa takriban saa 10, jambo linalofanya radikali zitoke polepole kama tunavyohitaji. Kimiminika kitakuwa na rangi ya waridi inayotokana na kidhibiti. Chukua sampuli kila baada ya saa chache kwa sindano iliyosafishwa kwa nitrojeni, na uipime kwa NMR ya protoni, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi za hidrojeni kama vilele kwenye mizani ya ppm: kilele cha kundi la methoksi (OCH3) kiko karibu na 3.75 ppm kwa monoma na 3.60 ppm kwa polima, hivyo uwiano wa maeneo yake hukupa kiwango cha monoma iliyotumika. Ikifika asilimia 70, yaani monoma 140 kati ya 200 kwa kila mnyororo, uzito unaotarajiwa ni 140 × 100.12 + 221 (uzito wa moli moja ya kidhibiti), yaani takriban gramu 14,200 kwa moli. Mimi ningesimamisha hapo, kwa kuwa kusukuma zaidi huzidisha minyororo mfu kwa faida ndogo.

Poza chupa, ifungue ili hewa iingie, kisha dondosha mchanganyiko polepole katika methanoli baridi inayokorogwa. Unga utakaotua chini unapaswa kuwa wa waridi. Ukiwa mweupe, kuna uwezekano mkubwa kwamba ncha zenye salfa zimepotea.

Kromatografia ya ukubwa wa molekuli, inayotenganisha minyororo kwa ukubwa wake, ionyeshe kilele kimoja chembamba, chenye utawanyiko (kipimo cha tofauti za urefu wa minyororo, ambapo 1 ni usawa kamili) chini ya 1.3. Hata hivyo, kipimo ninachokiamini zaidi ni kuitumia polima hiyo yenyewe kama kidhibiti, ukaiongezea monoma mpya na AIBN kidogo: minyororo iliyo hai, yaani yenye ncha za salfa, itarefuka na kilele chote kitahama, ilhali iliyokufa itabaki pale pale na kuonekana kama bega upande wa uzito mdogo.