Seva za mtandao uliofungwa zinapopishana saa: hatua za kuzirudisha pamoja

Tatizo la saa mara nyingi huja limevaa sura nyingine. Mtumiaji anaandika nywila sahihi, Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji) inamkataa, kwa sababu kwa kawaida haivumilii saa mbili zikipishana zaidi ya dakika 5. Au unasoma logi za seva mbili unakuta jibu limeandikwa kabla ya ombi. Niliwahi kukesha nikikagua hifadhidata isiyo na kosa lolote. Tangu usiku ule, saa ndiyo naianza.

Kwenye mtandao usiogusa intaneti, kwanza seva zikubaliane, usahihi unafuata. Seva kumi zilizochelewa sekunde 20 kwa pamoja zitaelewana. Zikiachwa kila moja na saa yake, zitaachana tu: kioo cha saa (kristali inayoipigia mapigo) kikikosea sehemu 50 kwa milioni, hizo ni sekunde 4.3 kwa siku, zaidi ya dakika 2 kwa mwezi.

Mifano hii ni ya Linux yenye chrony (programu ya kusawazisha saa), na seva kuu ni 10.0.0.5.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Kwenye kila seva andika:

`date -u`

Alama ya -u inaondoa majira ya mahali, unabaki na UTC (saa ya dunia) tupu. Kama UTC zinalingana lakini `date` ya kawaida inapishana saa 3 kamili, saa zako ni nzima. Kilichokosewa ni majira. Yaweke sawa:

`timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

UTC zenyewe zikipishana saa 3 kamili, tazama BIOS (mipangilio ya bodi ya mashine). Windows huhifadhi humo saa ya mahali, Linux huisoma kama UTC. Na tofauti ya saa 6 au 18 kamili karibu kila mara ni ya mkono wa mtu: ameambiwa kwa simu "saa mbili na robo usiku", akaandika 02:15 badala ya 20:15 au 14:15 badala ya 20:15. Mkiagizana saa, tajeni tarakimu za saa 24.

Hatua ya 2: Chagua saa kuu moja

Chukua mashine halisi, si mashine pepe. Fungua `/etc/chrony.conf` (Debian na Ubuntu: `/etc/chrony/chrony.conf`), futa mistari yote ya `pool` inayotafuta intaneti, kisha weka:

```
allow 10.0.0.0/24
local stratum 10
manual
```

Mstari wa `allow` ukikosekana, chrony haifungui kabisa poti 123 kwa wengine. Mstari wa `local` ukikosekana, seva itajibu, lakini itasema yenyewe haijasawazishwa, na wateja wataipuuza. Kazi ya `manual` utaiona mwishoni.

Simamisha huduma (`chronyd`, au `chrony` kwa Debian na Ubuntu), soma saa kwenye simu inayopokea saa ya mtandao, iweke kwa `date -s "20:15:00"`, iandike kwenye saa ya bodi kwa `hwclock --systohc`, kisha washa huduma.

Hatua ya 3: Waelekeze wengine

Kwa seva zilizobaki, futa `pool` vilevile na uweke:

```
server 10.0.0.5 iburst
makestep 1 3
```

Hakikisha `systemd-timesyncd` au `ntpd` haifanyi kazi pembeni. Programu mbili zisivutane saa moja. Kisha anzisha upya huduma ya chrony.

Hatua ya 4: Soma `chronyc sources`

Hapa usiende haraka. Alama ya `^*` maana yake chanzo kimekubaliwa. `^?` maana yake hakijakubaliwa, na hapo tazama safu ya Reach. Namba hiyo ni ya mfumo wa nane: 377 inamaanisha maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa vizuri.

Reach ikibaki 0, wengi hukimbilia kulaumu fayawoli. Subiri. Reach haipandi pia pale majibu yanapofika yakisema "sijasawazishwa". Tofautisha kwa amri hii, ukiwa root:

`chronyc ntpdata 10.0.0.5`

Kama Total RX inaongezeka na Leap status inasema Not synchronised, njia iko wazi. Rudi hatua ya 2 ukatazame `local`. Kama Total RX ni 0, pakiti hazirudi. Endesha `tcpdump -ni any udp port 123` kwenye seva kuu. Maswali yasipofika kabisa, yanazuiwa njiani kabla ya seva kuu. Yakifika bila majibu, kagua `allow`, na kama ipo, sasa fungua UDP 123 kwenye fayawoli ya seva kuu:

```
firewall-cmd --add-service=ntp --permanent
firewall-cmd --reload
```

Hatua ya 5: Ruka, kwa uangalifu

Kwa mstari ule wa `makestep`, chrony huruka, yaani hubadilisha saa kwa mpigo mmoja, mara tatu za mwanzo tu. Baada ya hapo husogeza saa polepole. Pengo likiwa kubwa, tumia `chronyc makestep`. Lakini kama saa itarudi nyuma, simamisha hifadhidata kwanza. Usilifanye hili mchana wa kazi.

Ukimaliza, `chronyc tracking` kwa mteja ionyeshe Stratum 11, yaani daraja moja chini ya 10 ya seva kuu.

Hatua ya 6: Kosa likirudi

Likirudi baada ya kuzima umeme, badilisha betri ya bodi, mara nyingi CR2032. Likirudi kwenye mashine pepe peke yake, zima usawazishaji wa saa unaotoka kwa mashine mama.

Saa kuu nayo itapotea kidogo kidogo. Kila wiki ilinganishe na simu, kisha kwenye seva kuu andika:

`chronyc settime 20:15:00`

Ndiyo maana tuliweka `manual`. Ukiirudia mara kadhaa, chrony hukadiria kioo kinakosea kwa kiasi gani na kukifidia, na wiki hadi wiki marekebisho unayoandika yatakuwa madogo.