Somo: Beta wako wa kwanza amekufa? Usimwage maji kwanza

Poleni nyote mliofiwa na beta. Ni samaki mdogo, lakini humjua anayemlisha, na akiondoka nyumba inapwaya. Tatizo ni kwamba wengi wakishamtoa tu, wanamwaga maji na kusugua tangi kwa sabuni. Ushahidi wote umepotea, na wa pili naye anakufa vilevile.

Hatua ya 1. Hakikisha. Beta hulala ubavu, na baridi humfanya azubae. Mtazame dakika kadhaa. Kifuniko cha shavu hakichezi, hapandi juu kuvuta hewa, na jicho limeingia ukungu? Basi amekufa.

Hatua ya 2. Mkague mwangani. Tumbo limevimba na magamba yamesimama: maji yamejaa mwilini, mara nyingi figo zimeshindwa. Vidoti vyeupe mithili ya chembe za chumvi ni vimelea. Matamvua yamegeuka kahawia: shuku nitriti, sumu ya majini tutakayoiona Hatua ya 3. Hana alama yoyote? Yashuku maji. Ukiwa na mchubuko mkononi vaa glavu, kwani wapo bakteria wa samaki wanaoingia kwenye ngozi iliyochanika.

Hatua ya 3. Pima maji yaleyale. Hapa msiruke. Joto liwe nyuzi 24 hadi 28, amonia 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Kinyesi na chakula kilichobaki huzaa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo. Katika tangi jipya bakteria hao bado hawapo. Kuwajenga huchukua kama wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo maji yanaweza kumeremeta kabisa huku yakimuunguza samaki matamvua. Nawasihi, msiamini macho. Andika namba zako mahali.

Hatua ya 4. Mzike ardhini, kina cha kutosha wanyama wasimfukue. Usimtupe mtoni wala chooni.

Hatua ya 5. Tangi. Kama hapakuwa na dalili za ugonjwa, acha chujio liendelee kufanya kazi na utie chembe ya chakula kila siku ili bakteria wasife njaa. Kama ulikuwepo ugonjwa, tupa sponji, safisha kila kitu kwa klorini iliyozimuliwa, suuza sana, kisha kausha kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mimi nilibadilisha maji yote kila wiki na kuosha sponji bombani. Mbona amekufa?*
Pole sana ndugu. Klorini ya bomba huua bakteria wa sponji, kwa hiyo kila wiki tangi lilianza upya. Badilisha robo tu, maji yawe na joto lilelile na yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Sponji ikamulie ndani ya maji uliyoyatoa tangini.

*Wangu aliishi mwaka mmoja na nusu. Ni kosa langu?*
Si lazima. Beta huishi kwa kawaida miaka 2 hadi 4, na wa dukani huwa ameshakomaa tayari. Kama namba zako zilikuwa nzuri, huenda ni uzee.

*Alikuwa kwenye bakuli la lita 3 bila chujio. Si wanasema beta anavumilia?*
Anavuta hewa ya juu, kwa hiyo upungufu wa oksijeni anauvumilia. Amonia haivumilii. Anza na lita 20, chujio la mkondo mpole na hita.

*Mwanangu analia, anataka mwingine leo hii. Nifanyeje?*
Mwambie ukweli kwamba maji bado hayajawa tayari, kisha mpe yeye kazi ya kupima. Tieni amonia kidogo, kiasi cha miligramu 2 kwa lita. Siku atakapokuta, baada ya saa 24, amonia ni 0 na nitriti ni 0, badilisheni sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati, ndipo mwende dukani akachague mwenyewe.