Shantie kubwa Lubumbashi: anzeni na daftari, programu itafuata

Kampuni ikiamua kusimamia shantie, yaani miradi ya ujenzi, kwa kanuni za kimataifa, mfano ISO 21502 ya mwaka 2020 (mwongozo wa usimamizi wa miradi), mara nyingi jambo la kwanza ni kununua programu. Lakini programu haijui kama mtunza depo ameandika mifuko ya saruji iliyotoka leo.

Vunjeni jengo katika vipande vinavyopimika. "Ghorofa ya pili" ni kubwa mno. "Sakafu ya ghorofa ya pili, sehemu A, mita za mraba 200, unene sentimita 20" ni kipande: zege ni mita za ujazo 40. Kwa kilo 350 za saruji kila mita ya ujazo, ni mifuko 280 ya kilo 50. Ongezeni asilimia 5 ya kupotea, mtaagiza 294. Kila kipande kiwe chini ya kapita (msimamizi wa wafanyakazi) mmoja tu, kwani wakiwa wawili kila mmoja atamsubiri mwenzake.

Katika ratiba, mvua ndiyo bosi. Misingi na kazi za udongo zimalizike kabla ya Novemba, la sivyo mtalipa pampu na vibarua wa kuchota maji. Vifaa vinavyopitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, vipewe mstari wao wenye siku zao za mpakani. Mkizificha ndani ya "ununuzi", lori likikwama atalaumiwa mnunuzi. Nguvu ya zege huthibitishwa kwa sampuli za siku 28, na zile za siku 7 hutoa dalili tu. Ratiba ikisainiwa, msiifute kamwe. Marekebisho yawe toleo jipya kando yake, maana bila toleo la kwanza hamtaweza kuonyesha nani alichelewesha nini.

Pesa nyingi hupotelea kwenye mabadiliko. Mwenye mradi anapita, ananyoosha kidole: "Sogezeni ukuta huu." Kapita anasogeza. Miezi miwili baadaye hakuna anayekumbuka, na bili haina pa kushika. Tengenezeni fomu ya ukurasa mmoja: nini kinabadilika, nani ameomba, bei, siku zitakazoongezeka, saini. Bila saini, msisogeze hata tofali. Kunapokuwa na hatari ya kuporomoka tu, tendeni kwanza, karatasi ifuate siku hiyohiyo. Kama mkataba ni wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) wa 1999, kumbukeni pia kwamba mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada ana siku 28 za kutoa taarifa tangu alipojua tukio, au alipopaswa kulijua. Akipitisha siku hizo, dai linaweza kufa hata kama ni la haki.

Jumatatu, kaeni dakika 45 mtazame wiki tatu zijazo. Kazi isiyo na michoro, vifaa, watu na kibali isiingie kwenye wiki, hata kapita akiapa.

Mwisho wa mwezi linganisheni namba tatu. Tuseme mlipanga kazi ya dola 400,000, iliyofanyika ina thamani ya 320,000, na mmetumia 380,000. Gawanyeni 320 kwa 400: 0.80, mko nyuma ya ratiba. Gawanyeni 320 kwa 380: 0.84, kila dola inaleta kazi ya senti 84. Hesabu hii huharibika pale maendeleo yanapokadiriwa kwa macho, ndiyo maana kuna kazi inayokaa "asilimia 90" wiki sita. Kwa sakafu, wekeni asilimia mapema: kofraji (umbo la kumiminia zege) 30, vyuma 30, kumimina 30, na 10 za mwisho zitoke maabara ikishaleta matokeo.