Kabla hujamlipa mtu wa viza ya Kanada, mchunguze hivi

Jamani kabla hujatuma hata mia kwa mtu anayesema atakupeleka Kanada, muulize namba ya leseni. Kule wanaoruhusiwa kulipwa kwa kazi hii ni wachache tu, mawakili na maparalegali (wasaidizi wa kisheria wenye leseni) walio kwenye chama cha mawakili cha jimbo lao, manotari wa Quebec, na makonsalta, yaani washauri wa uhamiaji, waliosajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants (si chuo, ni chombo kinachowapa leseni), hao namba zao zinaanza na R.

Sasa usiridhike na picha ya cheti aliyokutumia WhatsApp, hiyo mtu anatengeneza kwa simu dakika tano, ingia mwenyewe mtandaoni kwenye rejista ya chama au chombo kilichomsajili uone leseni iko hai au imesimamishwa, halafu mpigie kwa namba iliyoandikwa palepale. Mimi kuna mmoja alinipa namba safi kabisa, kumbe kaiba jina, nilipompigia mwenye jina akacheka, hanijui wala hajawahi kunisikia.

Kingine ni fomu ya IMM 5476, ndo inayotaja nani anakuwakilisha. Akikwambia jina lake lisiwekwe eti mambo yatakwenda haraka, kimbia. Usisaini fomu tupu, dai mkataba na risiti, na hela isiende M-Pesa ya shemeji yake. Anayekuuzia ofa ya kazi naye achana naye, kule ni kosa.

Na kusema kweli si lazima umwajiri mtu, fomu ni za bure na ada za serikali unalipa mwenyewe mtandaoni.