Mimba inaingia siku gani? Jinsi ya kuhesabu siku za hatari na cha kufanya ukiwa na wasiwasi

Nianze na mimi mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza nilimpata kwa hesabu ya "siku ya 14". Bwenini tuliambiana hatari ni siku hiyo tu, nyingine zote uko huru, na mimi hedhi ilikuwa imekatika jana yake nikajua niko salama kabisa, kumbe mzunguko wangu, yaani toka hedhi moja ianze mpaka nyingine ianze, ni wa siku 24. Mwanangu nampenda kuliko kitu chochote, ila ile hesabu ilikuwa ya uongo na mpaka leo wadogo zetu wanafundishana hiyo hiyo, ndo maana naandika.

Shika hili kwanza. Yai linatoka kama siku 14 KABLA ya hedhi inayokuja, sio siku 14 baada ya hii uliyonayo. Mwenye mzunguko wa siku 28 anaangukia siku ya 14, na hapo ndo watu wote walipochanganyikiwa wakadhani ni ya kila mtu. Wa siku 24 yai lake linatoka kama siku ya 10, wa siku 35 kama siku ya 21. Na siku ya kwanza ni ile damu imeanza, sio ilipokatika.

Sasa yai likishatoka linaishi masaa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani mpaka siku 5 zinalisubiri. Kwahiyo siku za hatari ni kama sita, tano kabla ya yai na siku yenyewe. Mimi tulikutana siku ya 6, yai likaja siku ya 10, likakuta mbegu bado zipo. Basi.

Kuhesabu unafanya hivi: andika tarehe hedhi inapoanza kila mwezi, angalau miezi 6, kwenye simu au nyuma ya daftari, popote. Chukua mzunguko mfupi kuliko yote toa 18, chukua mrefu kuliko yote toa 11. Mfano mfupi ni 26 na mrefu ni 32, unapata 8 na 21, yaani kuanzia siku ya 8 mpaka ya 21 jihesabu uko hatarini. Ni nyingi eeh, lakini ndo ukweli wenyewe. Angalia na ute unaotoka ukeni pia, ukiona unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi ujue yai liko karibu. Ila kama siku zako zinarukaruka sana, au ndo umetoka kujifungua, usiitegemee hii hesabu, na hata kwa wengine ugonjwa au stresi inaweza kusogeza yai mbele. Kwa maoni yangu kalenda inamfaa zaidi anayetafuta mtoto. Kama hutaki mimba kabisa nenda kliniki uongee nao kuhusu kijiti, kitanzi au sindano, alafu kondomu iendelee kwa sababu hivyo vingine havikingi magonjwa.

Na kumwaga nje? Hapana jamani. Katika wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo kwa mwaka mzima, kama 20 hivi wanapata mimba. Kuruka-ruka, kunywa majivu, kujiosha na soda, kufanya mmesimama, havizuii chochote, na mara ya kwanza kabisa unaweza kushika.

Kondomu imepasuka? Usikae kulia, nenda duka la dawa ukachukue P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mapema iwezekanavyo, ndani ya masaa 72, na kila saa inavyopita nguvu yake inapungua. Inachelewesha yai kutoka, kwahiyo kama yai limeshatoka haisaidii, na haitoi mimba iliyoshaingia. Ukitapika ndani ya masaa mawili rudia dozi. Kama unatumia dawa za TB au ARV mwambie muuzaji, maana baadhi zinaipunguza nguvu. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinafanya kazi vizuri kuliko P2. Na kama hujui hali ya VVU ya huyo uliyekuwa naye, hospitali kuna PEP, dawa za kuzuia usiambukizwe VVU, nayo ni ndani ya masaa 72.

Kupima sasa. Wengi wanapima siku ya tatu baada ya tendo, haijatoka wanashangilia, wiki zinapita tumbo hilo. Kipimo kinatafuta homoni ambayo inaanza mimba ikishajishika kwenye ukuta wa kizazi, na hiyo inachukua siku 6 mpaka 12 toka yai litoke. Subiri siku ya hedhi ipite, au kama hujui tarehe zako hesabu wiki tatu toka mlipokutana. Mkojo wa asubuhi ndo mzuri. Mstari wa pili ukiwa hafifu bado ni mimba. Ukiwa haupo na hedhi haijaja, rudia baada ya wiki.

Kitu kimoja usikipuuze hata kama ni usiku wa manane: hedhi imechelewa, tumbo linauma sana upande mmoja, damu kidogo inatoka, unasikia kizunguzungu au bega linauma. Inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mnaotafuta, hata wenzi wazima kabisa hawashiki kila mwezi, kwa hiyo miezi mitatu bila kitu sio ugumba. Kutaneni kila baada ya siku moja au mbili kwenye zile siku sita, na anza vidonge vya vitamini vya folic acid mapema. Mwaka ukipita, au miezi 6 kama umevuka miaka 35, nendeni hospitali wawili. Mume asibaki nyumbani, maana tatizo mara nyingi liko kwake pia na kupima mbegu ni kazi nyepesi kuliko vipimo vyako vyote, aanze yeye.